Mzee Yule Hakuwa Mwizi wa Maboksi

Wahenga walituachia methali isemayo, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, nami nimewarudia watoto wangu mara nyingi kama tufanyavyo wazazi wengi. Lakini maana yake kamili sikuifahamu hadi nilipotimiza umri wa miaka hamsini na minane, siku niliyokwenda Kariakoo kununua maboksi matupu. Naomba radhi, ndugu msomaji, kwa kuleta mambo ya maboksi katika ukurasa wa familia siku ya Jumapili. Ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba habari yenyewe si ya maboksi peke yake.

Binti yetu wa pili alikuwa amepata kazi Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itahamia huko, familia nyingi za Dar es Salaam zimezoea kufunga mizigo ya watoto wao na kuisindikiza hadi kituo cha mabasi. Zamu yetu ilipofika, mama watoto alipanga sahani, vikombe, masufuria na vitabu sebuleni, akaniambia, "Baba, nenda mjini ukatafute maboksi magumu. Vyombo hivi ukivitia katika shangazi kaja vitafika vigae vitupu." Sikuwa na la kubisha.

Nilimkuta muuzaji pembezoni mwa Mtaa wa Mchikichi. Alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, ameketi juu ya rundo la maboksi yaliyokunjuliwa yakalazwa bapa. Kando yake kijana mmoja alikuwa akipakia mengine kwenye guta. Tuliamkiana, akaniuliza nataka kufungasha nini. Nilipomwambia kuwa ni vyombo na vitabu, alitikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu la nusu.

"Vitabu havitiwi katika boksi kubwa, baba," alisema. "Utalijaza, utashindwa kulinyanyua, na ukilinyanyua litafumuka kitako. Vitabu chukua maboksi madogo manne. Vyombo nitakupa lile nene."

Akachomoa boksi moja, akabonyeza ukingo wake kwa kidole gumba, akalinusa, kisha akaliweka upande wangu. Alifanya hivyo kwa kila boksi, na mawili aliyatupa kando kwa sababu yalikuwa na harufu ya dawa ya wadudu. Nilipokuwa nikitoa fedha mfukoni aliniangalia usoni kwa muda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe si yule bwana stoo wa duka la sabuni? Yule uliyekuwa ukichoma maboksi uani?"

Ni kweli, ni mimi. Kuanzia mwaka 1997 nilikuwa mtunza bohari katika duka moja la jumla hapo hapo Kariakoo. Tuliuza sabuni, dawa za meno, betri na vipodozi. Kila shehena ilipofika, maboksi makubwa yalifunguliwa, bidhaa zikagawanywa kwa ajili ya wateja wa rejareja, na ilipofika jioni ua ulikuwa umejaa maboksi matupu hadi magotini. Amri ya mwenye duka ilikuwa moja tu: yachomwe yote.

Nataka kumtendea haki mwajiri wangu huyo, maana amri yake haikuwa ya kijinga. Walikuwako matapeli waliotafuta maboksi yenye nembo za viwanda, wakatia humo sabuni bandia, wakaifunga vizuri na kuipeleka mikoani. Mnunuzi akishaumizwa na bidhaa ya namna hiyo, hawezi kumtafuta tapeli asiyemjua. Hulilaumu jina lililoandikwa juu ya boksi. Kwa hiyo mwenye duka aliona heri moto kuliko aibu, nami sikuona sababu ya kufikiri zaidi ya hapo. Kila jioni nilisimama uani na chupa ya mafuta ya taa. Moshi ulipanda hadi kwenye ghorofa za majirani, na akina mama waliokuwa wakianua nguo walinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Rundo lilipokuwa kubwa sana nilichoma sehemu, nyingine nikamwachia mlinzi wa usiku aimalizie.

Mlinzi huyo alikuwa mzee kutoka Rufiji, aliyewahi kufanya kazi ya ukuli bandarini kabla nguvu hazijampungua. Aliingia magharibi na kuondoka alfajiri. Sote tulimwita Mzee, nami kila jioni nilimwamkia shikamoo kabla ya kumkabidhi funguo za lango. Usiku mmoja wa mwaka 2003 nilirudi dukani kufuata daftari nililolisahau. Nikakuta lango li wazi nusu, guta limesimama nje, na Mzee anampakilia mtu maboksi. Nikaona pia noti ikitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sikusema kitu. Niligeuka nikarudi nyumbani, na njia nzima nilijiona hodari kwa kumfuma mwizi.

Asubuhi nikaandika ripoti. Ilikuwa fupi, haikufika nusu ukurasa, na neno "wizi" limo humo mara tatu. Mwenye duka alimfukuza Mzee siku ile ile bila hata malipo ya notisi. Aliitwa ofisini, nami nikiwa nimesimama kando ya meza. Siku hiyo sikumwamkia. Mzee alifungua mdomo atake kueleza jambo, nami nikamkatiza: "Mzee, kama una maelezo, labda uyapeleke polisi." Akanyamaza. Akachukua kofia yake na tochi yake, akatoka. Kwa miaka zaidi ya ishirini jambo hilo nililihesabu kuwa kazi niliyoifanya vizuri.

"Aliyekuwa na guta usiku ule ni mimi," alisema yule mama pale Mtaa wa Mchikichi. "Uliniona mgongo tu."

Nilikosa la kusema, nikaketi juu ya boksi aliloniwekea. Hakunifokea. Aliendelea kupanga maboksi yake huku akinisimulia, na kila alilolisema lilikuwa kama mtu anayefungua fundo alilolifunga mwenyewe.

Aliniambia kwamba Mzee hakumuuzia hata boksi moja lenye jina la mtu. Maboksi yaliyochapwa nembo pande zote hakuyagusa, aliyachoma kama alivyoagizwa. Yaliyokuwa na nembo upande mmoja aliikata ile nembo kwa wembe, akaitupa motoni, kisha akaziba tundu kwa kipande cha boksi jingine na gundi. Yaliyokuwa na karatasi ya anwani tu aliibandua kwa maji kidogo na kuikwangua. Kazi hiyo ilimchukua usiku kucha. "Alikuwa akisema duka likichafuka jina, sote tutakosa chakula," alieleza yule mama. "Nami nikauchukua utaratibu wake. Tazama."

Nikatazama. Katika rundo lote la maboksi mazima hapakuwa na nembo hata moja iliyobaki nzima.

Fedha zile Mzee alikuwa akimwekea mjukuu wake aliyekuwa ameingia kidato cha kwanza, maana siku hizo ada za sekondari zilikuwa bado zinalipwa. Alipofukuzwa, mtoto alikaa nyumbani mwaka mzima. Mzee alisukuma mkokoteni pamoja na mama huyu kwa muda, mgongo ukamshinda, akarudi kwao Rufiji. Huko alifariki dunia mwaka 2014.

"Alinilaani?" niliuliza.

"Hapana. Alisema tu, yule kijana hakuniuliza."

Ndugu msomaji, nimeshatukanwa maishani na nimeshanyoshewa vidole, lakini sijapata kusikia neno zito kuliko hilo. Hofu yote ya mwajiri wangu, ile iliyotufanya tuchome mali kila jioni, ilikuwa imeshapatiwa dawa na mlinzi wa lango kwa wembe mmoja. Ilibaki kuulizwa tu. Mimi niliyekuwa na kalamu na daftari sikuuliza.

Sikuondoka mapema siku hiyo. Nilibaki pale karibu saa mbili, nikijifunza kwa yule mama mambo ambayo mtunza bohari wa miaka ishirini na zaidi alipaswa kuyajua. Nitayaeleza kwa kifupi, kwa kuwa naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu wana duka, au wameajiriwa dukani, au wana uvungu uliojaa maboksi ya redio na feni.

Yeye huyagawa maboksi mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mazima, makavu na yasiyo na harufu. Haya huuzwa moja moja kwa wanaohama, kwa wanaotuma viatu na nguo mikoani, kwa wafugaji wanaotandika chini ya vifaranga, na kwa wenye viwanda vidogo vya nyumbani ambao hawana uwezo wa kuagiza maboksi mapya. Fungu la pili ni yaliyochanika lakini makavu. Haya hufungwa marobota na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wanaopeleka viwanda vya karatasi. Fungu la tatu ni yaliyolowa mafuta, rangi au mchuzi. Hayo hayana mnunuzi.

Hapo ndipo penye hesabu ambayo wafanyabiashara wengi hatuifanyi. Boksi moja zima likiuzwa kama boksi huingiza fedha nyingi kuliko boksi lile lile likiuzwa kwa kilo. Likiuzwa kwa kilo huingiza kiasi kidogo, lakini huingiza. Likitupwa, mwenye duka hulipa ili lichukuliwe, na gari la taka hulipeleka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi likiwa limejaa hewa, kwa sababu boksi lisilokunjuliwa hubeba hewa. Likichomwa, halina faida kwa yeyote, na majirani hukohoa. Kwa hiyo tofauti baina ya mali na taka si boksi lenyewe. Ni mkono wa kwanza unaolifungua. Aliyelikata kwa kisu ovyo ovyo amelishusha kutoka fungu la kwanza hadi la pili. Aliyelimwagia maji ya kudekia amelitia katika la tatu.

Nilipofika nyumbani nililichana boksi moja bovu mezani ili nilione tumbo lake, na binti yangu akaja kutazama. Ndani ya karatasi mbili zilizonyooka imo ya tatu iliyokunjwa mawimbi, nazo zimeshikanishwa kwa gundi ya wanga. Nguvu ya boksi imo katika mawimbi hayo. Yakisimama wima hubeba uzito mkubwa, hasa kwenye pembe, ndiyo maana maboksi hupangwa pembe juu ya pembe. Yakibonyezwa au yakipata unyevu hulegea, na boksi lililolowa, hata likikauka, halirudii ugumu wake wa awali. Sisi wa pwani tunaijua masika. Rundo la maboksi lililowekwa juu ya sakafu tupu hunyonya unyevu kimya kimya, na mwenyewe hugundua siku ya kuyauza. Yanataka kuinuliwa juu ya vichaga vya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Karatasi hiyo ya mawimbi haikuanzia kwenye boksi. Mwaka 1856 Waingereza wawili waliisajili kwa ajili ya kutia ndani ya kofia ndefu za mabwana, ili zisimame na kunyonya jasho. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones wa New York aliisajili kwa ajili ya kufungia chupa na vioo visivunjike njiani. Baadaye Robert Gair, mwenye kiwanda cha mifuko ya karatasi huko Brooklyn, alipata njia ya kukata na kukunja karatasi ngumu kwa pigo moja la mashine. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia mwaka 1879, baada ya kipande cha chuma kilichokaa vibaya kwenye mashine yake kukata mifuko badala ya kuikunja. Kutokana na kosa hilo yakaja maboksi yanayosafirishwa bapa na kusimamishwa pale yanapohitajika. Binti yangu alicheka akasema, "Kumbe baba, yule alikosea akauliza kwa nini." Hakujua amenigusa kidonda.

Na boksi lililochanika kabisa huenda wapi? Kiwandani hutumbukizwa katika pipa kubwa la maji lenye mapanga yazungukayo, likavurugwa hadi likawa uji. Pini za chuma, tepu na plastiki huchujwa na kutupwa. Uji ule humwagwa juu ya wavu mpana, maji yakachuruzika, nyuzi zikashikana, zikashindiliwa na kukaushwa kwa mvuke, ikawa karatasi tena. Mafuta ndiyo adui mkubwa hapo, kwa maana nyuzi zilizopakwa mafuta hazishikani vizuri. Boksi moja la chipsi laweza kuharibu jirani zake wengi robotani.

Lakini kazi hiyo haina uzima wa milele. Kila nyuzi zinapopita pipani hukatika na kufupika, hivyo ni lazima nyuzi mpya za miti ziongezwe. Hapa kwetu nyuzi hizo hutoka katika misindano, ile wengine waiitayo paini, kama ya shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, ambayo ndiyo iliyofanya kiwanda cha karatasi kijengwe Mgololo na kuanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Msindano hukua kwa miaka mingi kabla ya kukatwa. Nilipokuwa nikiwasha moto uani, nilikuwa nikiteketeza kwa dakika kumi kilichomchukua mkulima wa miti nusu ya umri wangu kukiotesha.

Baada ya mazungumzo yale nilimwendea mwajiri wangu wa sasa. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, ana duka la vifaa vya umeme, nami ndiye mtunza bohari wake. Nilimsimulia yote bila kujipendelea, hata sehemu ya ripoti. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo bosi wa zamani hakuliuliza, wala mimi sikuliuliza: "Sasa wewe unaonaje, mzee wangu?"

Tumeweka utaratibu mdogo usiohitaji mashine. Maboksi hufunguliwa kwa kukata tepu, si kwa kukata boksi. Nembo hukatwa au kufutwa na mfanyakazi wetu kabla boksi halijatoka langoni, na boksi lililochapwa nembo pande zote huchanwa vipande na kuingia fungu la kilo, ili kiwanda kilipondeponde. Yote hukunjuliwa bapa na kuwekwa juu ya vichaga. Yule mama huja Jumatano na Jumamosi, mchana kweupe, huhesabiwa mbele ya watu wawili, na fedha huandikwa katika daftari lililo wazi kwa kila mfanyakazi. Tumekubaliana iwe akiba yetu ya kuuguliana na kuzikana. Si nyingi. Lakini mwezi uliopita ilimnunulia dawa mke wa mpakizi wetu, na hakuna aliyelazimika kupitisha kofia.

Sheria yenyewe ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi tumejifunza kubeba vikapu na mifuko mingine sokoni, nasi hatukufa. Kutenganisha boksi kavu na ganda la ndizi hakuwezi kutushinda.

Kwa akina mama na akina baba wa nyumbani nina tahadhari chache nilizopewa pale pale. Boksi la dawa za wadudu, mbolea au kemikali lisiingizwe jikoni hata likipendeza. Chakula kisichofungwa, kama maandazi au mkate, kisilazwe moja kwa moja juu ya boksi lililotumika, kwa sababu ya wino na mambo mengine liliyokutana nayo njiani. Boksi likiingia nyumbani likung'utwe kwanza nje, maana mende hupenda kutaga ndani ya mikunjo. Na boksi la mkono wa pili lisipewe mzigo lililoubeba likiwa jipya.

Vyombo vya binti yetu vilifika Dodoma vizima, ila kikombe kimoja kilichopoteza mkono. Mimi nilibaki na mzigo mwingine usioingia bokisini.

Yule mama alikuwa na namba ya simu ya mjukuu wa Mzee. Nilichukua wiki mbili kuipiga. Kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wawili, anaendesha bajaji, na tulikubaliana tukutane Mbagala Rangi Tatu. Nilikwenda na barua niliyoiandika kwa mkono. Nilieleza humo kwamba mwaka 2003 mimi, mtunza bohari, niliandika ripoti dhidi ya babu yake bila kumhoji. Nikaeleza kwamba babu yake hakuiba, bali aliokoa mali iliyotupwa na kulilinda jina la duka kuliko nilivyolilinda mimi, na kwamba neno "wizi" lililokuwa katika ripoti yangu halikuwa la kweli. Nikaweka sahihi na tarehe. Sikujua barua ya namna hiyo itamfaa nini mtu, lakini neno baya niliandika, nikaona na la kulifuta liandikwe.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulikaa ndani ya bajaji yake, mapazia ya turubai yameteremshwa. Aliisoma barua mara mbili. Nilitoa bahasha yenye fedha kidogo, akaurudisha mkono wangu kwa upole. Kisha akasema, "Babu alitueleza habari hii. Sisi tulimuuliza kwa nini aliyauza usiku kama hakuwa akijificha. Akasema, mimi ni mlinzi wa usiku, mchana nalala. Sasa ningeuza saa ngapi?"

Alitabasamu kidogo alipokuwa akisema hivyo, nadhani aliikumbuka sauti ya babu yake. Mimi sikuweza kutabasamu. Katika miaka ile yote, usiku wenyewe ndio niliokuwa nimeufanya ushahidi.

Aliikunja barua, akaitia katika kifuko cha plastiki anachowekea leseni yake. "Isilowe," alisema. Akaniuliza nashukia wapi, akawasha bajaji.

Ndugu zangu, kesho ni Jumatatu. Milango ya maduka na mabohari itafunguliwa, na maboksi yatatupwa uani kama kawaida. Kabla ya kiberiti kuwashwa, muulizeni mfagiaji, muulizeni mpakizi, muulizeni mlinzi wa lango, wao wanaonaje. Huenda jibu wanalo tangu mwaka juzi. Na mkimkuta mzee langoni, mwamkieni kwanza.